Bado Mmoja

Kabla sijaja Marekani nilikuwa makanga. Gari letu lilikuwa Nissan ya Voi kwenda Mombasa, na kazi yangu, ukiondoa kelele, ilikuwa kuhesabu vichwa. Alfajiri abiria wanajaa wenyewe. Ikifika saa nne, jua limeshakuwa kali, unabaki na kiti kimoja au viwili. Injini inanguruma, walioketi wanasonya, dereva anakuangalia kwenye kioo. Hapo ndipo unapokaza sauti: "Bado mmoja! Mmoja twende!" Mara nyingi walikuwa bado watatu, lakini hayo ni mambo ya steji.

Yule wa mwisho huwa anajijua. Anakuja kwa mwendo wake, mfuko mmoja mkononi, anauliza nauli kama mtu ambaye hajawahi kusafiri. Waliopanda saa tatu wamelipa nauli kamili na wamekaa kwenye joto saa nzima. Yeye anakata bei mpaka nusu, kisha anataka kiti cha mbele. Unamkubalia, maana bila yeye wale 13 hawaendi popote. Wenzake wakisikia alicholipa wanakutukana wewe, si yeye.

Hiyo 13 na mmoja nayo ina historia yake. Kabla ya Februari 2004 tulihesabu mpaka 18, na siku ya soko tuliacha kuhesabu. Kisha John Michuki, waziri wa uchukuzi, akaleta sheria zake: mikanda, mstari wa manjano, kidhibiti mwendo, na abiria 14 basi. Ilipobadilika namba, kazi yote ilibadilika. Kiti cha mwisho ambacho zamani hakikuwa na maana kikawa na bei.

Desemba ya mwaka huohuo redio ya gari ilikuwa haina jingine ila bima ya afya. Charity Ngilu, waziri wa afya, alikuwa amepeleka bungeni mswada wa kuanzisha mfuko wa bima kwa Wakenya wote, uchukue nafasi ya ule wa hospitali ulioanzishwa 1966. Abiria walibishana kuanzia Maungu hadi Mariakani. Bunge likaupitisha. Rais Mwai Kibaki akakataa kutia sahihi. Gari limejaa, makanga amegonga bodi, dereva amezima injini. Mimi wakati ule sikujali sana. Nilikuwa kijana, na vijana hawaugui.

Haya yote yalinirudia miaka mitano baadaye, usiku, katika nyumba ya kutunzia wazee mjini Lowell, jimbo la Massachusetts. Nilikuwa nimefika 2006 kwa bahati nasibu ya viza, nikapata kazi ya msaidizi wa wauguzi, zamu ya saa tano usiku hadi saa moja asubuhi. Unageuza wazee wasipate vidonda, unabadilisha shuka, unajibu kengele. Katikati ya usiku kuna saa mbili tatu za ukimya, na kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa halali. Televisheni yake ilikuwa kwenye kituo kinachoonyesha Seneti moja kwa moja, mchana na usiku, hata kama kuna mtu mmoja tu anayesoma karatasi mbele ya viti vitupu. Nilimwita Mzee, likawa neno la kwanza la Kiswahili alilojifunza. Nilimuuliza kwa nini anatazama kitu kinachochosha vile. Akasema kuna mswada wa bima ya afya, anasubiri kuona kama watafika sitini.

Hiyo sitini ndiyo ilinikalisha kitini. Seneti ina watu 100, na mtu yeyote aliyesoma hesabu za darasa la nne atakwambia mswada unapita kwa 51. Ni kweli, lakini kwanza mjadala ufungwe ndipo kura ipigwe, na mjadala haufungwi kwa 51. Zamani haukufungika kabisa: seneta akitaka kuua mswada aliweza kusimama na kuzungumza, wenzake wakapokezana, mpaka upande wa pili uchoke. Mwaka 1917 wakaweka kanuni kwamba theluthi mbili wanaweza kuufunga. Mwaka 1975 wakapunguza, ikawa watatu katika kila watano, yaani 60. Kwa hiyo wao nao walikuwa na Michuki wao. Kuanzia hapo, kwa mswada wowote wenye ugomvi, anayetafutwa si wa 51 tena. Anatafutwa wa 60.

Mzee alikuwa na miaka 44 mwaka 1965, na aliisimulia Medicare, bima ya serikali kwa wazee, kama wazee wa kwetu wanavyosimulia uhuru. Rais Harry Truman alikuwa amependekeza bima ya afya ya taifa tangu Novemba 1945, akashindwa. Rais John Kennedy alijaribu kwa wazee peke yao, na Julai 1962 akashindwa kwenye Seneti kwa kura 52 dhidi ya 48. Wangehama wawili tu, ingekuwa sare, na makamu wa rais ndiye huivunja. Chama cha madaktari kilikuwa kimetoa santuri ya mwigizaji mmoja akionya kwamba hiyo ni njia ya kuelekea ujamaa. Wake wa madaktari waliicheza kwenye mikutano ya kahawa majumbani, wakawahimiza wageni waandikie wabunge wao barua. Mwigizaji huyo alikuwa Ronald Reagan.

Mtu aliyeshika mlango miaka hiyo yote hakuwa seneta. Alikuwa Wilbur Mills wa Arkansas, mwenyekiti wa kamati ya kodi katika Baraza la Wawakilishi. Mills alikuwa na tabia moja ambayo makanga yeyote ataielewa: hakutoa gari steji mpaka awe na uhakika wa kila kiti. Hakupenda kupeleka mswada ukumbini ukaangushwa, kwa hiyo wa Medicare aliukalia. Uchaguzi wa Novemba 1964 ukawapa Wademokrati viti 295 kati ya 435, na Mills, ambaye hesabu ndiyo dini yake, akahesabu upya.

Alichofanya Machi 2, 1965, nimekirudia kichwani mara nyingi. Mezani kulikuwa na mapendekezo matatu yanayopigana. Serikali ilitaka bima ya hospitali kwa wazee, ilipwe kwa makato ya mishahara. John Byrnes, Mrepublikani wa Wisconsin, alitaka bima ya hiari ya kulipia madaktari. Chama cha madaktari kilitaka msaada kwa maskini tu. Kila mtu alingoja Mills achague au akate katikati. Hakuchagua wala hakukata. Aliyachukua yote matatu akayafunga katika mswada mmoja: la kwanza na la pili likawa Medicare, la tatu likawa Medicaid. Waliokuja kumzuia walijikuta ndani ya gari. Kamati ilipomaliza, Rais Lyndon Johnson aliwapigia simu akawahimiza wasiuache mswada ukae, maana ungenuka kama paka aliyekufa kibarazani. Aprili 8 ukapita Baraza la Wawakilishi kwa 313 dhidi ya 115. Julai 30 Johnson alisafiri hadi Independence, Missouri, akatia sahihi mbele ya Truman, aliyekuwa na miaka 81, akampa kadi ya kwanza.

Mama yake Mzee alipata yake 1966. Mzee alisema aliificha ndani ya Biblia, hakuitumia miezi sita, akiogopa itaisha.

Sasa turudi 2009, nami niseme wazi kwamba Rais Barack Obama, kwa mswada wake wa bima ya afya, hakuwa na kile alichokuwa nacho Johnson. Alianza mwaka bila 60. Walikuja mmoja mmoja, kama asubuhi mbaya steji. Aprili 28 Arlen Specter wa Pennsylvania alihama kutoka chama cha Republican kwenda Democratic. Julai 7 Al Franken wa Minnesota akaapishwa, baada ya miezi minane ya kuhesabu upya na kesi, kwa ushindi wa kura 312 katika jimbo zima. Hapo wakatimia 60, wakiwemo wawili wasio wa chama, Bernie Sanders wa Vermont na Joe Lieberman wa Connecticut. Lakini Robert Byrd wa West Virginia alikuwa mgonjwa, na Edward Kennedy wetu wa Massachusetts alikuwa na uvimbe wa ubongo. Alifariki Agosti 25.

Hapa pana kisa kidogo. Mwaka 2004 (naona mwaka huo unanifuata) bunge la Massachusetts, lililojaa Wademokrati, lilimwondolea gavana uwezo wa kuteua seneta wa muda. John Kerry, seneta wa jimbo hilo, alikuwa anawania urais, na gavana alikuwa Mrepublikani, Mitt Romney. Sasa gavana ni wao, na kiti kiko wazi. Walibadilisha sheria tena kwa wiki chache, na mwisho wa Septemba Paul Kirk akakalia kiti cha Kennedy. Wakawa 60 tena. Mzee, ambaye alikuwa Mdemokrati tangu Truman, alisema huo ni uhuni. Nilimwambia kwetu tungeuita ujanja wa steji, akacheka mpaka akakohoa.

Kiangazi chote Max Baucus wa Montana, mwenyekiti wa kamati ya fedha, alijifungia na wenzake watano, Wademokrati wawili na Warepublikani watatu, wakitafuta mapatano. Miezi ikapita. Agosti, mmoja wao, Chuck Grassley wa Iowa, alisimama mbele ya watu wa jimbo lake akawaambia wana haki ya kuogopa mpango ambao serikali itaamua kama bibi achomolewe mashine. Mswada haukuwa na kitu kama hicho. Kule Voi tulikuwa na ujanja wa kuketisha vijana wa steji ndani ya gari ili lionekane limekaribia kujaa. Abiria wa kweli wakiingia, vijana wanashuka. Baucus aliketisha vijana, akasahau kuwashusha. Huo ni uamuzi wangu, na wapo wanaosema bila miezi hiyo Wademokrati waoga wasingepanda kabisa. Oktoba 13 kamati ilipiga kura, 14 dhidi ya 9, na Mrepublikani mmoja tu, Olympia Snowe wa Maine, akasema ndiyo. Mwishowe naye alishuka.

Baraza la Wawakilishi lilitangulia, usiku wa Novemba 7, kwa kura 220 dhidi ya 215. Zilihitajika 218. Nancy Pelosi, spika wa baraza hilo, alizipata kwa kumruhusu Bart Stupak wa Michigan alete kwanza kifungu cha kuzuia fedha za umma zisigharimie bima inayolipia kutoa mimba. Kifungu kilipita kwa 240 dhidi ya 194, kikaungwa mkono na Wademokrati 64, na wanawake wengi wa chama chake walikimeza kama kwinini.

Lakini Seneti ndiko kiti cha mwisho kilikokuwa, na kila mmoja wa wale 60 aliweza kuwa wa mwisho akitaka. Novemba 21 ilikuwa kura ya kufungua mjadala tu. Mary Landrieu wa Louisiana alisubiri mpaka mchana wa siku hiyo. Mswada ulikuwa na aya inayolipatia jimbo lake fedha za Medicaid kwa sababu ya maafa ya kimbunga Katrina. Waliomkejeli walisema ni dola milioni 100. Yeye alisimama ukumbini akawasahihisha: si 100, ni milioni 300. Nilimpenda kwa hilo. Abiria aliyepata punguzo na halioni haya.

Kiini cha mswada, kwa wale waliokuwa wameketi tangu alfajiri, kilikuwa bima ya serikali ambayo mtu angeweza kuichagua badala ya kampuni, ili kampuni zipate mshindani. Harry Reid, kiongozi wa Wademokrati kwenye Seneti, alikosa kura zake. Wakatafuta badala: watu wa miaka 55 hadi 64 waruhusiwe kununua Medicare. Lieberman alikuwa ameunga mkono wazo hilo miezi mitatu tu nyuma, katika mahojiano na gazeti la nyumbani kwake. Jumapili ya Desemba 13 alisema kwenye televisheni kwamba likiwemo, hapandi. Kesho yake likaondolewa. Lieberman alitoka Connecticut, ambako mji mkuu, Hartford, umejengwa na kampuni za bima, na mwaka 2006 Wademokrati walikuwa wamemwangusha kwenye mchujo, akarudi kama mgombea huru. Hakuwa na deni kwa mtu. Nilimwambia Mzee kwamba abiria wa hivi ndiye mbaya kuliko wote, kwa sababu hata asiposafiri hana hasara.

Sanders ndiye niliyemtazama kwa makini zaidi, pengine kwa kuwa alipoteza vizuri. Alitaka bima moja ya serikali kwa watu wote, akaleta marekebisho ya kurasa 767. Desemba 16, Tom Coburn wa Oklahoma, Mrepublikani, akadai kanuni ifuatwe na marekebisho yasomwe yote kwa sauti. Karani akaanza kusoma. Ilikuwa mchana, mimi nimetoka kazini, nimelala kidogo na kuamka, na yule karani bado anasoma. Karibu saa tatu nzima, neno kwa neno, hakuna anayesikiliza. Sanders akaona kwamba mswada wote utakwama hapo, akayaondoa. Alifoka sana, kisha akaenda kwa Reid akadai jambo dogo: fedha za vituo vya afya vya jamii, vile ambavyo mtu asiye na bima huingia akalipa kadiri ya alichonacho. Akapata dola bilioni 10. Lowell tuna kituo kama hicho. Katika orodha zote za watu waliojipatia kitu mwezi ule, nadhani hiyo ndiyo iliyofika kwa wengi zaidi, na haikupewa hata jina la utani.

Iliyopewa jina ni ya Ben Nelson wa Nebraska. Kufikia Ijumaa ya Desemba 18 walikuwa 59, na Nelson peke yake nje ya mlango. Walimfungia ofisini kwa Reid kama saa 13. Alitaka lugha kali kuhusu kutoa mimba, akapata: anayenunua bima yenye huduma hiyo alipe kwa malipo mawili tofauti. Tena akapata hili. Mswada ulipanua Medicaid nchi nzima, serikali kuu ikilipa gharama yote ya upanuzi miaka ya mwanzo, kisha kila jimbo lichangie sehemu ndogo. Nebraska isingechangia chochote, milele. Jimbo moja kati ya 50. Gharama yake ilikadiriwa kuwa dola milioni 100 katika miaka kumi, hela ya chai kwa serikali ile. Lakini waliokuwa garini walisikia nauli aliyolipa.

Kura ya kufunga mjadala ilipangwa saa saba usiku, kuamkia Jumatatu ya Desemba 21. Theluji kubwa ilikuwa imeifunika Washington mwishoni mwa wiki. Jumapili mchana Coburn alisema ukumbini kwamba Wamarekani waombe mmoja asiweze kufika usiku huo. Hakutaja jina, ila kila mtu alijua nani ana miaka 92.

Nilimaliza mzunguko wa saa sita usiku mapema, nikamgeuza Mzee upande wa televisheni, nikachukua karatasi na kalamu. Maseneta waliombwa waketi kwenye viti vyao badala ya kuzurura kama kawaida, na kila karani alipoita jina mtu alisimama akajibu. Nilipiga vijiti kama nilivyokuwa nikipiga nyuma ya daftari la gari: vinne wima, cha tano mshazari. Byrd aliingizwa kwa kiti cha magurudumu, amefunikwa blanketi, mkono ukatetemeka juu. Nawahudumia watu wa umri huo, najua gharama ya kumwamsha mmoja, kumvalisha na kumtoa nje kwenye baridi saa hizo. Mafungu 12 ya vijiti vitano. Sitini dhidi ya 40. Mzee aliomba karatasi, akahesabu vijiti kwa kidole, kimoja kimoja, kana kwamba hakuniamini.

Kura yenyewe ya mswada ilikuja Desemba 24, saa moja asubuhi, zamu yangu ikiisha. Seneti haikuwa imepiga kura mkesha wa Krismasi tangu 1895. Jina la Reid lilipoitwa, yeye aliyekesha wiki kadhaa akitafuta kila kichwa, alijibu "hapana". Ukumbi ukaangua kicheko. Akainua mikono akajirekebisha. Byrd alisema kura yake ni kwa ajili ya rafiki yake Kennedy. Ikawa 60 dhidi ya 39, Mrepublikani mmoja hakuwepo.

Kilichobaki kilikuwa kuoanisha mswada wa Seneti na ule wa Wawakilishi. Na kiti cha Kennedy kilikuwa cha muda.

Uchaguzi wa kukijaza ulifanyika Januari 19, 2010, na mimi, mwenye kadi ya kijani tu, sikuwa na kura. Watu wa nchi nyingine huniuliza iweje jimbo la Kennedy, tena katika wiki hizo, limchague Mrepublikani. Jibu langu huwa Romney. Massachusetts ilikuwa tayari na sheria yake ya bima kwa wote, ambayo gavana huyo aliitia sahihi Aprili 2006 katika jumba la Faneuil, Boston, Kennedy akiwa pembeni yake anatabasamu. Scott Brown mwenyewe, yule Mrepublikani aliyechaguliwa, alipokuwa seneta wa jimbo, aliipigia kura ya ndiyo. Kwa hiyo alipozunguka na gari lake la pikapu akisema atakuwa kura ya 41 ya kuuzuia mswada wa Washington, wapigakura wengi hawakuona kitu watakachokosa. Walikwisha fika Mombasa, hawakuhitaji gari la pili. Alimshinda Mdemokrati Martha Coakley kwa asilimia 52 dhidi ya 47, na aliposaini karatasi za mashabiki aliongeza "41" kando ya jina lake.

Mzee alipiga kura kwa posta. Mimi ndiye niliyempelekea bahasha kwenye sanduku la mapokezi. Wiki moja baada ya matokeo, nikimfunga soksi, aliniambia kwamba amempigia Brown. Nilidhani sijasikia vizuri. Akasema mswada ule unapunguza dola bilioni 500 za Medicare katika miaka kumi. Nikamweleza nilivyosoma, kwamba ni malipo ya hospitali na ya kampuni yatakayopanda polepole zaidi, si kadi yake. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Mama yangu naye aliambiwa haitaisha, na bado aliificha." Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Bila 60, mlango pekee uliobaki ulikuwa Wawakilishi wakubali mswada wa Seneti kama ulivyo, na Nebraska yake, halafu kasoro zirekebishwe kwa mswada wa pili wa mambo ya bajeti, ambao Seneti huupitisha kwa kura 51. Pelosi akaanza kuhesabu upya, kichwa kwa kichwa. Dennis Kucinich wa Ohio, aliyepinga Novemba kwa sababu alitaka bima ya serikali kwa wote, alipandishwa ndege ya rais, na siku mbili baadaye akatangaza ndiyo. Ukitafuta alichopata zaidi ya safari ile, hukioni. Stupak alipata agizo la rais kuhusu kutoa mimba, mchana wa siku ya kura yenyewe, Jumapili ya Machi 21. Siku hiyo zilihitajika 216. Zikapatikana 219 dhidi ya 212, bila Mrepublikani hata mmoja, na Wademokrati 34 wakipinga. Obama alitia sahihi Machi 23 kwa kalamu 22. Kesi ikaenda Mahakama ya Juu, na Juni 28, 2012 sheria ilipona kwa majaji watano dhidi ya wanne. Hata kule ilihesabiwa kwa kichwa kimoja.

Mzee hakuiona hukumu hiyo. Nami nilikuwa nimeshaapishwa uraia ilipofika Julai 28, 2017, saa saba na nusu usiku, niliposimama kwenye chumba cha mapumziko nikimtazama John McCain wa Arizona, kovu bichi juu ya jicho, ana ugonjwa uleule uliomuua Kennedy. Warepublikani walikuwa na kura 49 za kuifumua sheria, wakimsubiri yeye. Alinyoosha mkono, akauweka hewani kidogo, akageuza kidole gumba chini. Ikawa 49 dhidi ya 51.

Na ile Nebraska? Mswada wa marekebisho wa Machi 2010 ulifuta upendeleo wake kabla haujatumika hata siku moja. Mahakama ya Juu iliposema 2012 kwamba kila jimbo linaweza kukataa upanuzi wa Medicaid, Nebraska ilikataa. Nelson hakugombea tena mwaka huo. Novemba 2018 wananchi wa jimbo hilo walilipeleka suala kwenye kura ya maoni wao wenyewe, wakalipitisha, na bima ikaanza kuwafikia Oktoba 2020. Katika gharama ya upanuzi serikali kuu inalipa asilimia 90, na Nebraska asilimia 10, sawa na majimbo mengine yote yaliyoukubali.